Banda la Duara kwa Reli ya Thika? Ngoja Kidogo, Tuulize Historia

Leo tunaweka msimbo kando, tunapanda garimoshi. Safari yenyewe ni fupi: Nairobi, Ruiru, Thika, basi. Lakini reli tutakayosafiria ni ndogo kiasi kwamba inatosha juu ya meza ya chakula.

Kwa wasiofahamu, kuna watu wanaojenga reli ndogo nyumbani kwao: vichwa vya treni, mabehewa, stesheni, miti, hata abiria wenye urefu wa kidole kimoja cha mtoto. Usicheke. Klabu ya reli ndogo ya chuo cha MIT kule Marekani, Tech Model Railroad Club, ilianzishwa mwaka 1946. Humo ndimo neno "hack" lilimopata maana tunayoipenda sisi watu wa kompyuta, yaani ufumbuzi wa kijanja. Baadhi ya vijana waliokuwa wakisuka nyaya chini ya meza ile ndio walioshiriki kutengeneza Spacewar!, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1962. Kwa hiyo tukizungumza reli ndogo hapa hatujapotea njia.

Sasa tuseme wewe, msomaji wangu wa Ruiru au Thika, umeamua kujenga reli ya kwenu. Unafungua katalogi za vifaa hivi na jengo linalopigiwa debe kuliko yote ni banda la duara la kulazia injini. Linapendeza, sikatai. Chukua chapati, uikate vipande kutoka katikati kwenda ukingoni: kila kipande ni chumba cha injini moja. Pale katikati, palipo kitovu cha chapati, kuna meza ya chuma yenye kipande cha reli juu yake. Injini inapanda mezani, meza inazunguka mpaka ielekee chumba kilicho wazi, injini inaingia kulala. Hilo jengo linauzwa kwa vipande vya plastiki kwenye boksi, unaunganisha mwenyewe kwa gundi.

Swali la leo: ununue? Jibu langu ni hapana, angalau usinunue bado. Jengo lolote ni jibu la swali fulani, na sisi watengenezaji wa programu tunajua hasara ya kunakili jibu la mtu mwingine kabla ya kusoma swali lake. Tuanze na swali.

SWALI LENYEWE

Injini ya mvuke ya kawaida ina mbele na nyuma. Mbele kuna bomba la moshi, nyuma kuna dereva, na nyuma ya dereva kuna behewa dogo la kuni au makaa na maji. Ikirudi kinyumenyume dereva haoni vizuri, vumbi la makaa linampiga usoni, na mwendo lazima uwe wa pole. Kwa hiyo ikifika mwisho wa safari ni lazima igeuzwe. Hilo ndilo swali: utaigeuzaje injini ya makumi ya tani?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni meza ya kugeuzia. Ya pili ni pembetatu ya reli: injini inaingia kwa upande mmoja, inarudi nyuma kwa upande wa pili, inatoka kwa upande wa tatu ikiwa imegeuka, kama matatu inayogeuza kwenye njia panda. Meza inataka mashine lakini haitaki nafasi. Pembetatu haitaki mashine yoyote ila inakula ardhi.

Mahali ambapo ardhi ilikuwa ghali na injini zilikuwa nyingi, meza ilishinda. Na kwa kuwa meza ipo, ukiizungushia jengo unapata banda la duara. Uingereza walikuwa nalo mapema: lile la Derby ni la 1839. London nako, mtaa wa Camden, walijenga lao mwaka 1847. Halafu tazama kilichotokea Camden: injini zikaendelea kuwa ndefu, meza ikabaki vilevile, na baada ya miaka michache jengo likawa halifai kazi yake. Likageuzwa ghala la pombe kwa miaka mingi, na miaka ya 1960 likawa ukumbi wa muziki na sanaa. Ukumbi ni mzuri, lakini kama jengo la injini lilishindwa na sentimita.

Marekani mabanda haya yalienea sana, na baridi ilichangia: maji ndani ya injini yakiganda mabomba yanapasuka, kwa hiyo injini zilihitaji kulala ndani penye joto, zikipangwa karibu karibu. Ndiyo maana makampuni ya Marekani yanatengeneza modeli za mabanda ya duara kwa wingi. Wanauza historia ya kwao, na hiyo ni haki yao.

Kwa lugha yetu ya programu, banda la duara ni safu: unataja namba ya chumba, meza inakupeleka moja kwa moja. Banda la kawaida lililonyooka, lenye reli sambamba, ni rundo (stack): injini iliyoingia mwanzo inaweza kuzibwa na iliyoingia baadaye. Hapo duara linashinda. Lakini lina udhaifu mmoja mkubwa. Meza ikikwama, hakuna injini itakayotoka, hata moja. Kila kitu kinategemea kifaa kimoja, na wanaosimamia seva wanajua usingizi wa mtu wa namna hiyo ulivyo.

TRAMU ILIYOKUWA RELI

Haya, turudi nyumbani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Upana wake ni mita moja kati ya reli na reli. Shika namba hiyo, tutaihitaji.

Tawi la Thika lilikuja baadaye, na kuzaliwa kwake kuna ujanja ndani yake. Gavana wa wakati huo, Sir Percy Girouard, aliyetawala kuanzia 1909 hadi 1912, alikuwa mhandisi wa reli kabla ya kuwa mtawala. Ndiye aliyeiongoza kazi ya reli ya kijeshi ya Sudan miaka ya 1890. Alitaka reli ielekee kaskazini, kwenye mashamba ya walowezi na kwenye nchi yenye watu wengi ya Wakikuyu. London haikuwa tayari kutoa kibali na fedha za reli mpya. Basi mradi ukaandikwa kwa jina la unyenyekevu: Thika Tramway, tramu ya Thika! Tramu yenyewe ikajengwa kwa upana uleule wa mita moja, ikaungana na njia kuu, na mwaka 1913 garimoshi likafika Thika. Nani kati yetu hajawahi kuona mradi mkubwa ukipitishwa kwa jina la "marekebisho madogo"?

Njia hiyo inatoka Nairobi kupitia Makadara, Dandora, Githurai, Kahawa na Ruiru, kama kilomita 50 hivi. Kwa zaidi ya muongo mmoja Thika ilikuwa mwisho wa reli upande huo. Baadaye njia ikaendelezwa kupitia Maragua, Murang'a, Sagana na Karatina hadi Nanyuki, ilikofika mwaka 1930. Kuanzia hapo Thika ikawa stesheni ya kupitia, ingawa yenye shughuli nyingi.

Hili lina maana kubwa kwa mtu anayejenga modeli. Mwisho wa reli ni mahali ambapo injini lazima igeuzwe, inywe maji, ilale, na asubuhi ianze safari ya kurudi. Stesheni ya kupitia haina ulazima huo. Kwa hiyo Thika ya 1914 na Thika ya 1935, ingawa ni mji uleule, zilikuwa na mahitaji mawili tofauti. Mwaka ukibadilika, jengo nalo linabadilika.

Na kumbuka hoja ya ardhi. Pembetatu inakula ardhi, nasi tunajua kwa nini ardhi ya hapa ilikuwa rahisi kwa serikali ya kikoloni. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilifanya sehemu kubwa ya nchi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na Wakikuyu wa Kiambu walipoteza mashamba yaliyokuja kuwa ya kahawa ya walowezi. Mhandisi aliyekuwa akichora stesheni katika koloni hakulazimika kubana injini zake katika duara kama mwenzake wa London. Kilichokuwa ghali kwake ni chuma na mashine zilizotoka ng'ambo kwa meli. Ndiyo maana reli nyingi za makoloni ziliipenda pembetatu. Hata umbo la reli uwanjani lina siasa ndani yake.

INJINI ISIYOJALI MBELE WALA NYUMA

Sasa tufike kwenye sababu inayoliangusha banda la duara kabisa. Inaitwa Garratt.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza. Wazo lake, alilolipatia hataza mwanzoni mwa karne iliyopita, lilikuwa hivi: badala ya kuweka magurudumu yote chini ya tanki la mvuke, weka tanki katikati, likining'inia kati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na mitambo yake. Injini inajikunja katikati kwenye kona kama siafu, na uzito wake unagawanyika kwenye magurudumu mengi, kwa hiyo inaweza kupita juu ya reli nyembamba bila kuziumiza. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilitengeneza za kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Kwetu ziliingia mwaka 1926, wakati wa Reli ya Kenya na Uganda.

Nchi yetu ni ya milima, kona na reli nyepesi. Garratt ilitufaa kama ufunguo na kufuli. Baada ya 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa kuwa East African Railways and Harbours, shirika hilo likawa mojawapo ya watumiaji mashuhuri wa Garratt duniani. Aina ya 59, injini 34 zilizoletwa 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa karibu mita 32. Hizo zilikuwa za njia kuu ya Mombasa na Nairobi, kwenye reli nzito. Kwa njia nyepesi kulikuwa na aina ya 60, ndogo na nyepesi zaidi, zilizopewa majina ya magavana, majina ambayo yaliondolewa baada ya uhuru.

Ukitaka kuziona kwa macho, nenda makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mount Gelai, namba 5918, ipo pale. Namba 6006 ya aina ya 60 ipo pia. Simama kando yake uitazame, utaelewa kuliko nitakavyoweza kueleza.

Na sasa jambo lenyewe: Garratt inakwenda mbele na nyuma bila tatizo. Matangi yake ya maji na mafuta yako ncha zote mbili, chumba cha dereva kiko katikati, magurudumu ya kuongoza yako pande zote. Kuigeuza si lazima. Lile swali lililozaa banda la duara halipo tena.

PIMA KABLA HUJALIPA

Tuseme bado moyo wako uko kwenye duara. Sawa, tufanye hesabu, ndiyo kazi yetu. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni HO, yaani 1 kwa 87. Gawanya urefu wa kila kitu kwa 87.

Garratt ya aina ya 59, karibu mita 31.7, inakuwa milimita 364.

Banda la duara la kampuni ya Atlas lina vyumba 3 na linaendana na meza yake ya inchi 9, yaani milimita 229. Ukizidisha kwa 87 unapata meza ya mita 20 tu. Garratt itaning'inia pande zote mbili kama mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

Walthers wana meza ya futi 90. Hiyo ni mita 27.4, au milimita 315 kwenye kipimo chetu. Bado haitoshi.

Walthers haohao wana meza ya futi 130, mita 39.6, milimita 455. Hapo Garratt inaenea. Lakini umenunua kifaa kikubwa kuliko vyote kwenye katalogi ili kuigeuza injini isiyohitaji kugeuzwa!

Halafu kuna upana. Reli ya kawaida ya HO ina milimita 16.5. Zidisha kwa 87, unapata milimita 1,435, yaani upana wa SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Thika haijawahi kuwa na upana huo. Reli ya mita moja kwenye kipimo hiki inaitwa HOm, milimita 12. Habari njema ni kwamba reli za milimani za Uswisi nazo zina upana wa mita moja, kwa hiyo vipande vya reli vya HOm vinatengenezwa na kuuzwa na makampuni kama Bemo na Peco. Mswisi na Mkikuyu wanakutana kwenye milimita 12.

Jambo la tatu ni fueli. Katalogi zinazouza banda la duara huuza pia mnara mkubwa wa makaa ya mawe. Huku kwetu, Reli ya Uganda ya miaka ya mwanzo ilichoma kuni kwa wingi. Mikaratusi iliyoletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ilipandwa kwa sababu hiyo. Garratt za miaka ya 1950 zilichoma mafuta mazito. Kwa hiyo usiweke mnara wa makaa. Weka rundo la kuni na msitu wa mikaratusi ikiwa mwaka wako ni 1914, au tangi la mafuta ikiwa ni 1955. Mnara wa maji weka miaka yote ya mvuke.

MIAKA MITATU, MEZA TATU

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua mwaka kwanza, jengo litafuata.

Ukichagua 1914, Thika ni mwisho wa reli. Injini ni ndogo, za aina kama zile za Baldwin zilizoletwa kutoka Philadelphia mwaka 1899 na 1900, zenye mbele na nyuma. Hapa kugeuza ni swali la kweli. Ukipenda meza, hiki ndicho kipindi pekee ambacho ina sababu ya kuwepo, tena meza ndogo, iliyo wazi, ya kusukumwa kwa mikono, bila jengo la duara kuizunguka. Ukiwa na nafasi mezani, weka pembetatu. Mizigo ni katani na kahawa. Ukisoma The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake, utaona macho ya walowezi wa miaka hiyo. Soma ukijua kwamba wenyeji wa Thika nao walikuwa na macho.

Ukichagua 1955, unapata rangi nzuri kuliko zote: Garratt zilizopakwa rangi ya damu ya mzee, zinang'aa. Chagua banda lililonyooka, lenye reli moja au mbili, wazi ncha zote mbili ili injini ipite. Seti za namna hii zipo za plastiki na za kadibodi, na ni rahisi kuliko duara. Bora zaidi, chora mwenyewe kwa Inkscape, uchape kwenye manila pale saiba, ukate kwa wembe. Mabati unayapata kwa kukandamiza karatasi ya aluminiamu ya jikoni juu ya kitana.

Lakini 1955 si rangi tu. Ni katikati ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kudumu hadi 1960. Mkoa wa Kati ulikuwa umejaa vijiji vya kulazimishwa, vyenye handaki na ua wa miti iliyochongwa, na Mkikuyu hakusafiri bila vibali. Treni iliyopita Ruiru kwenda Nyeri ilipita katikati ya nchi hiyo. Na ndani ya banda la injini kulikuwa na ngazi: wakubwa Wazungu juu, mafundi na madereva wengi wa Kihindi, Masingasinga wakiwamo, katikati, Waafrika chini, wakisafisha injini na kutia moto, mpaka walipoanza kupanda vyeo kidogo kidogo. Ukiweka sanamu za watu kwenye modeli yako, utalazimika kuamua nani anashika nini. Huwezi kukwepa. Banda la kigeni lililonakiliwa kutoka kwenye boksi linakupa nafasi ya kukwepa, na hiyo ndiyo hasara yake kubwa kuliko zile milimita.

Ukichagua leo, mvuke umekwisha. Dizeli za English Electric zilianza kufika mwaka 1960, na kufikia 1980 Garratt zilikuwa zimestaafu. Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977 na Kenya ikabaki na reli zake. Mwaka 2020 njia ya Nanyuki ilifufuliwa baada ya kukaa miaka bila treni, na mwaka huohuo zikaja treni za dizeli zilizokwisha tumika Hispania, kwa ajili ya abiria wa Nairobi na vitongoji vyake, Ruiru ikiwamo. Treni hizo zina chumba cha dereva kila upande. Zinafika, dereva anahamia ncha ya pili, zinaondoka. Tazama jinsi historia inavyojirudia: wazo la kutogeuza, lilelile la Garratt, ndilo lililoshinda. Na mzigo umebadilika. Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru watu 490,120 na Thika 251,407. Reli iliyojengwa kubeba kahawa sasa inabeba watu wanaokwenda kazini, sambamba na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012. Modeli ya leo haihitaji banda kabisa. Inahitaji jukwaa la abiria, nyumba za ghorofa na bodaboda.

NENO KWA MAFUNDI WA MSIMBO

Kama umechagua pembetatu, jihadhari na jambo moja la umeme. Reli ndogo hupata umeme kupitia reli zake mbili. Injini ikigeuka kwenye pembetatu, reli ya kulia inakutana na ya kushoto, na hapo una shoti. Lazima utenganishe kipande kimoja na kukiwekea kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Meza ya kugeuzia nayo ina tatizo hilohilo ikizunguka nusu duara. Banda lililonyooka halina.

Ukitaka kuongoza treni kwa kompyuta, tumia mfumo wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani miaka ya 1980, na programu huria iitwayo JMRI, iliyoandikwa kwa Java. Programu hiyo ina heshima ya pekee katika historia yetu. Mwanzilishi wake, Robert Jacobsen, mwanafizikia wa California, alishtaki kampuni iliyochukua msimbo wao bila kutimiza masharti ya leseni, na mwezi Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki. Kila mmoja wetu anayetoa msimbo bure anakaa chini ya kivuli cha kesi iliyoanzia kwenye treni za kuchezea. Tena msidharau meza hizi!

KABLA HATUJAAGANA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Reli ya Thika ni mali, na daftari lake limetawanyika. Ramani za zamani ziko kwa idara ya upimaji pale Ruaraka, kandokando ya barabara hiyohiyo ya Thika. Nyaraka ziko kwenye hifadhi ya taifa, Moi Avenue. Injini ziko makumbusho. Lakini sehemu kubwa iko kwenye vichwa vya wazee: mtia moto aliyestaafu, mama aliyeuza ndizi jukwaani, karani aliyejua treni ya mizigo ilipita saa ngapi. Kijana aliyeanza kazi siku Garratt za mwisho zilipostaafu sasa ni mzee wa kupumzika. Hao hawakai kwenye katalogi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa ng'ambo kununua duara la plastiki, panda treni ya Ruiru, au matatu ya Thika, uende ukamsalimie mzee mmoja. Mpelekee sukari na majani ya chai. Muulize: injini zililala wapi? Ziligeuzwaje? Nani alizisafisha? Andika jina lake, andika mwaka, piga picha mahali penyewe, pima kwa hatua zako ukubwa wa msingi uliobaki. Ukirudi nyumbani utakuwa na mchoro ambao hakuna kampuni inayouuza, na gundi na manila vitatosha kwa kilichobaki.

Na mkipata picha za zamani za stesheni ya Ruiru au Thika kwenye masanduku ya familia, tafadhali zichanganueni kwa skana, mziandike mwaka na jina la mwenye picha, mniletee habari. Tukutane tena wiki ijayo kwenye mambo ya msimbo. Safari njema!